Tona ya spiriti, ya unyevu au ya asidi: ipi ikufae, na lini uachane nayo

Panga chupa tatu mezani. Zote zimeandikwa tona, zote zina maji maangavu yasiyoonekana kuwa na neno. Pakaa ya kwanza: uso unapoa ghafla, na kabla hujahesabu hadi ishirini umeshakauka, kwa kuwa kilichojaa humo baada ya maji ni spiriti. Ya pili haikauki upesi, inaacha uso ukinata kidogo kwenye vidole kwa sababu ya gliserini. Ya tatu inawasha kidogo pembeni mwa pua, kisha inatulia, nayo itaendelea kulegeza ngozi iliyokufa wakati wewe umeshalala. Hiyo ni asidi.

Vitu vitatu, kazi tatu, na viwili kati yake vinavutana kabisa. Vimepewa jina moja kwa sababu tu hupakwa wakati mmoja: ukishanawa, kabla ya losheni. Tona ni zamu katika mpangilio, na zamu hiyo inaweza kushikwa na yeyote. Ndiyo maana mmoja atakwambia tona ilimharibu uso, mwingine atakwambia halali bila kuipaka, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Ukifika dukani, basi, jiulize: ni kazi gani usoni mwangu ambayo vitu nilivyo navyo haviifanyi?

Zamu hii ilianzaje

Zamani ilikuwa na sababu ya wazi. Watu walinawa uso kwa sabuni ya kipande, ambayo pH yake (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unazidi) hucheza kati ya 9 na 10, ilhali ngozi yenyewe ina uchachu kidogo, pH ya 4.5 hadi 5.5 hivi. Mwaka 1928 Wajerumani wawili, Heinrich Schade na Alfred Marchionini, waliupa uchachu huo jina linalotumika mpaka leo: joho la asidi. Joho hilo huisaidia ngozi kushika maji yake na kuzuia vijidudu visivyotakiwa. Ukinawa kwa sabuni kali unalivua. Ngozi hulivaa tena yenyewe, ila huchukua saa kadhaa. Tona ilikuja kufupisha safari hiyo, na pia kufuta ukungu wa sabuni uliogandia usoni, hasa penye maji ya chokaa, au mafuta ya krimu ya kusafishia. Kampuni ya vipodozi ya Clinique ilipoanza mwaka 1968 na mpango wa hatua tatu ulioandaliwa na daktari wa ngozi Norman Orentreich, hatua ya katikati ilikuwa maji ya kupangusia. "Safisha, tona, losheni" imekaa vichwani mwa watu kama shairi la darasa la kwanza.

Sabuni nyingi za uso za leo, za maji au za jeli, hutengenezwa zikiwa na pH iliyo karibu na ya ngozi, wala hazibakizi ukungu. Kazi ya awali ya tona imekufa hivyo kimya kimya, ila chupa haikuondolewa rafuni. Ikatafutiwa kazi nyingine.

Kabla ya kulinganisha chupa, linganisha na kutokuwa na chupa

Jaribio hili halina gharama. Nawa uso kama ulivyozoea, jipapase kwa taulo bila kusugua, kisha usipake chochote kwa nusu saa. Usikae mbali na kioo. Cheka, kunja uso, fungua mdomo wazi. Ukiona mashavu yanavuta kama nguo iliyorudi baada ya kufuliwa, sabuni yako ni kali mno. Hapo wengi hukimbilia tona ya unyevu. Mimi naona ni kumwita fundi wa paa wakati kinachovuja ni bomba: badilisha sabuni kwanza, kaa nayo wiki mbili, ndipo uamue kama bado kuna upungufu.

Ukiona baada ya nusu saa uso umetulia, hauvuti wala haung'ai, tona haikudai chochote. Sabuni ya upole, losheni na sanskrini (krimu ya kukinga jua) vinatosha, na hakuna kitu kinachooza kwa kukosa hatua ya katikati. Na kama fedha uliyo nayo ni ya chupa moja tu, na sanskrini huna, basi chupa hiyo iwe sanskrini.

Ukiona paji na pua vimeanza kung'aa, au una weusi wa puani, chunusi, madoa, ngozi iliyofifia, hapo ndipo tona fulani inaweza kukusaidia. Sasa tulinganishe.

Ya spiriti na ya unyevu

Tona yangu ya kwanza ilikuwa ya buluu. Dada yangu mkubwa aliniletea nikiwa na miaka kumi na minane na uso uliojaa chunusi, akanipa na mafunzo yake: "Ikiwasha ujue inafanya kazi." Iliwasha kwelikweli. Niliizamisha pamba, nikasugua paji mpaka likalia kwa usafi, ukipitisha kidole unasikia kama sahani iliyooshwa. Saa tano asubuhi mafuta yalikuwa yamerudi, nami nikapangusa tena. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa na magamba meupe pembeni mwa pua na mafuta palepale katikati ya paji, yaani ukavu na mafuta kwenye uso mmoja, na kila chunusi iliyopona iliacha doa jeusi lililokaa miezi.

Leo najua kilichotokea. Spiriti hufuta mafuta yaliyo juu tu. Tezi zinazoyatoa zinaongozwa zaidi na homoni, hazina habari kwamba umepangusa, kwa hiyo zinaendelea na ratiba yao. Wakati huohuo spiriti inachukua pia mafuta mazuri yanayoziba nafasi kati ya seli za juu, ukuta unabaki na nyufa, maji yanatoka na vitu vya kuwasha vinaingia. Na kuwasha huko, kwa ngozi nyeusi, kuna bei yake: ngozi ikisumbuliwa hutoa rangi zaidi pale ilipoumia. Kwa hiyo tona inayokuunguza ili kuondoa chunusi inaweza kukuachia weusi mwingi kuliko ule ambao chunusi zenyewe zingeuacha.

Halafu ile hadithi ya kufunga vinyweleo. Vinyweleo havina misuli ya kufungua na kufunga, si mlango wala si dirisha. Baada ya kupaka spiriti au maji ya hamamelisi (mmea uitwao *witch hazel* kwa Kiingereza) vinaonekana vidogo kwa muda kwa sababu mafuta yaliyokuwa yaking'aa hayapo na ngozi imekazwa kidogo. Muda wa picha moja au mbili, basi. Kinachosaidia vinyweleo vionekane vidogo kwa muda mrefu zaidi ni kutoa uchafu ulioganda ndani yake, na hiyo ni kazi ya chupa ya tatu.

Hamamelisi inastahili mstari wake kwa kuwa watu huichukua wakidhani ni mbadala wa mimea usio na spiriti. Maji yake ya kawaida yanayouzwa Marekani huwa na alkoholi ya asilimia 14 hivi. Geuza chupa usome nyuma.

Kusoma nyuma kwenyewe hakuhitaji shahada. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, mpaka vile visivyofika asilimia 1, ambavyo vinaweza kupangwa vyovyote. Ukikuta *alcohol denat.*, yaani spiriti, katika majina matatu ya kwanza, hiyo ni tona ya kukausha hata kama mbele wamechora ua. Usiichanganye na *cetyl alcohol* au *cetearyl alcohol*: hizo ni nta laini, zinalainisha, na zimewafanya watu wengi warudishe rafuni kitu kizuri kwa hofu ya jina.

Tona ya unyevu ni mwenzake wa upande wa pili. Humo utakuta gliserini, asidi ya hayaluroniki, panthenoli. Jina la asidi ya hayaluroniki lisikutishe, haichubui chochote. Kazi yake ni kushika maji. Viungo hivi vinavuta maji na kuyaweka juu ya ngozi, lakini havina kifuniko. Kwa hiyo tona ya unyevu hupakwa uso ukiwa bado na umande wa kunawa, na losheni hufuata kabla haijakauka. Ukiipaka peke yake, ukatoka, ni kama kumwagilia bustani jua la saa sita.

Je, inafanya kitu ambacho losheni haifanyi? Kwa ngozi kavu sana, hupakia tabaka la maji chini ya tabaka la mafuta, na unaona tofauti jioni. Kwa ngozi ya mafuta isiyopenda krimu nzito, tona nzito kidogo na losheni nyepesi vinaweza kutosha. Kwa waliobaki, losheni nzuri ina gliserini hiyohiyo ndani yake. Kuna mtindo uliotoka Korea wa kupaka tona ya unyevu mara saba mfululizo. Nimeujaribu, na baada ya mara ya tatu nilichoongeza ni muda wa kusimama bafuni.

Kati ya hizi mbili sioni ugumu. Ya spiriti ningeiacha dukani, isipokuwa mtu ana ngozi ya mafuta isiyosumbuka kirahisi na anaipenda tu hali ile ya ubaridi, na hata huyo aipake sehemu zinazong'aa pekee. Wanaume mnaosema tona haiwahusu, chunguzeni chupa ya afta-shevu: mara nyingi ni tona ya spiriti iliyovaa suti, na mnaimwaga juu ya ngozi iliyotoka kukatwakatwa na wembe.

Ya asidi, na kama ni asidi, ipi?

Hapa ndipo pana uchaguzi wa kweli, na ndipo watu wanapoumia.

Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, Eugene Van Scott na Ruey Yu, walichapisha kazi yao juu ya wagonjwa ambao ngozi yao hujaa magamba kama ya samaki. Walionyesha kwamba asidi za kundi la glaikoliki, zikipakwa, zinalegeza magamba hayo. Ngozi ya kawaida nayo ina magamba yake, madogo yasiyoonekana, yanayodondoka yenyewe kila siku. Yanapochelewa kudondoka uso unafifia, unakwaruza kidogo, na losheni inakaa juu kama vumbi. Asidi inalegeza gundi iliyoyashika.

Glaikoliki na salisiliki ndizo mbili utakazokutana nazo kila rafu, na tofauti yake kubwa ni moja: ya kwanza hupenda maji, ya pili hupenda mafuta. Glaikoliki inafanya kazi juu ya ngozi. Molekuli yake ni ndogo kuliko za wenzake wote wa kundi lake, kwa hiyo inaingia upesi, na kwa sababu hiyohiyo inawasha upesi. Inafaa ngozi iliyofifia, iliyokwaruza, na madoa yaliyobaki baada ya chunusi. Salisiliki, kwa kuwa inayeyuka kwenye mafuta, inaweza kushuka ndani ya kinyweleo kilichojaa mafuta na kulegeza kizibo, na pia inatuliza uvimbe. Weusi wa puani, vijipele vya paji, chunusi za mara kwa mara: hiyo ndiyo yake. Kwa bidhaa za chunusi kiwango cha kawaida ni asilimia 0.5 hadi 2. Mwenye mzio wa aspirini aiepuke, kwani ni ndugu wa damu.

Nikiulizwa kwa haraka: kidole chako kikipita usoni kinakutana na vijipele na vizibo, chukua salisiliki. Kikiteleza lakini kioo kinakuonyesha uso usio na nuru na wenye madoa, chukua ya kundi la glaikoliki.

Nimesema "ya kundi" makusudi. Kwa ngozi nyeusi au inayosumbuka upesi, sianzi na glaikoliki yenyewe. Asidi ya laktiki ni kubwa kidogo kuliko glaikoliki, inaingia taratibu zaidi, na inasaidia kushika maji huku ikichubua. Ya mandeliki ina molekuli yenye uzito mara mbili ya glaikoliki, kwa hiyo huingia polepole zaidi. Na kuna glukonolaktoni, ya kundi jingine kabisa, iliyo pole kuliko zote. Mwendo wake ni mrefu, ndiyo, lakini doa ulilolisubiri miezi sita halina haraka ya kukufanya uongeze mapya mawili.

Kuhusu nguvu: jopo la wataalamu wanaopima usalama wa vipodozi Marekani liliweka mpaka wa asilimia 10 na pH isiyopungua 3.5 kwa glaikoliki na laktiki za kutumia nyumbani. Tona nyingi ziko chini ya hapo, asilimia 5 hadi 7, na zinatosha. Asilimia peke yake haisemi yote, kwani asidi ileile kwenye pH ya chini huuma zaidi.

Na jua. Asidi za kundi la glaikoliki huifanya ngozi iungue upesi zaidi na miale, na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inashauri ujikinge wakati unaitumia na wiki moja baada ya kuacha. Mtu anayepaka glaikoliki usiku na kutoka asubuhi bila sanskrini anachimba shimo kwa mkono mmoja na kufukia kwa mwingine, hasa kama alichokuwa akikitafuta ni madoa yaondoke.

Anza usiku mmoja kwa wiki, kisha miwili. Usiku wa retinoli (ile ya jamii ya vitamini A) usiwe usiku wa asidi, wala usipake asidi baada ya kunyoa ndevu au kung'oa nyusi. Kuwasha kwa sekunde chache kunavumilika. Kukiendelea mpaka unapepea uso kwa mkono, nawa uitoe. Kuna dalili moja inayowadanganya wengi: uso unaanza kung'aa kwa namna ya kupendeza, umekaza kama plastiki, kisha siku moja losheni yako ya kila siku inauma. Huo mng'ao ni wa ngozi iliyochubuliwa kupita kiasi. Weka asidi kabatini wiki mbili hadi nne, ubaki na sabuni ya upole, losheni na sanskrini, na ukirudi urudi kwa nusu ya ulivyokuwa ukipaka.

Maji ya waridi, limau, siki

Maji ya waridi safi ni tona nyepesi yenye harufu nzuri. Hayadhuru wengi, hayatibu kitu. Mwenye ngozi inayoudhiwa na manukato ayapite, kwa kuwa harufu ni harufu hata ikitoka kwenye ua.

Limau ni habari nyingine. Maji yake yana pH ya 2 hivi, na yakikutana na jua ngozini yanaweza kuleta malengelenge na michirizi ya weusi inayokaa muda mrefu. Ndimu nayo ni vilevile. Siki, hata ile ya tufaha iliyochanganywa na maji, hujui umeifikisha pH ngapi, na madaktari wamewahi kuwapokea watu walioungua nayo. Ikiwa unataka asidi, nunua iliyopimwa.

Pamba au kiganja?

Ya unyevu, kiganja. Matone machache, unabandika usoni kwa kukandamiza, pamba isikunywee nusu. Ya asidi, pamba inasaidia kueneza sawasawa na kukwepa macho na midomo, mradi usisugue.

Watu huipenda pamba kwa ajili ya ule ushahidi, inapotoka usoni na rangi ya chai. "Ona uchafu!" Sawa, lakini umetoka kunawa dakika mbili zilizopita. Pamba hiyo inakusimulia habari za kunawa kwako: poda au sanskrini haikutoka. Siku za vipodozi au sanskrini nzito, anza na mafuta ya kusafishia kisha sabuni ya uso, halafu upitishe pamba uone. Ikitoka nyeupe, ile tona uliyodhani unaihitaji kwa usafi imepoteza kazi.

Kama bado umesimama kati ya chupa mbili

Tumia nusu ya uso. Kwanza tone nyuma ya sikio kwa siku tatu, kuona kama kuna mzio. Kisha upande wa kulia tona, upande wa kushoto bila tona, mengine yote sawa pande zote, kwa wiki nne. Ya asidi uipe hata sita. Piga picha kila Jumapili dirisha lilelile, saa ileile, kwa sababu kumbukumbu ya uso wako mwenyewe inadanganya sana.

Nilifanya hivyo na mbili. Ya unyevu, picha za wiki ya nne sikuweza kusema upande upi ni upi, na hata dada yangu niliyempa simu achague alikosea. Ya mandeliki, upande wa kulia wa kidevu ulikuwa umefifia madoa mawili kati ya matatu, wakati wa kushoto madoa yote yako pale pale. Ile ya kwanza nilimwachia dada, ambaye ngozi yake ni kavu na anaipenda. Ya pili iko kabatini, usiku wa Jumatano na Jumapili, na pale penye alama ya kopo lililofunguliwa iliyoandikwa 12M, yaani itumike ndani ya miezi kumi na miwili tangu kufunguliwa, nimeandika kwa kalamu mwezi nilioifungua.